Sera ya Makosa Yanayofanana

Siku ya kwanza ya somo la Takwimu za Biashara, Mwalimu Ermias hakufundisha takwimu. Alisoma sera. Alizisoma amesimama, koti limefungwa hadi kidevuni, maana chuo kile cha jioni hakikuwa na joto lolote isipokuwa pumzi za wanafunzi, na mji wa Debre Birhan haumhurumii mtu kwa baridi.

"Simu zote kwenye kikapu. Atakayechelewa asigonge mlango. Mtaandika jibu la mwisho tu. Karatasi za rafu, za kukokotolea, sizisomi, nyinyi ni wengi na mimi nina macho mawili. Karatasi ya maswali haitoki chumbani. Wenzenu wa tawi la Sheno watafanya mtihani uleule, saa ileile, kwa hiyo asije mtu hapa na vya kunong'onezwa na shangazi yake." Akageuza ukurasa. "Na hii isikilizeni vizuri. Watu wawili waliokaa jirani wakikosa swali kwa jibu lilelile, wote wawili sifuri, mtihani mzima. Kupatia sawa si ajabu, jibu sahihi ni moja. Lakini makosa ni mengi kama kokoto. Wawili wakiokota kokoto moja, wamefuatana."

"Mwalimu, na ikiwa ni bahati?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Bahati tutaipima. Ndiyo kazi ya somo hili."

Darasa likacheka. Asnakech hakucheka. Alikuwa mama wa watoto watatu, na hakupanda kilima cha chuo kila jioni kutoka kiwandani ili acheke. Alikuwa akikaimu ukuu wa ghala katika kiwanda cha mablanketi, na wakubwa wapya walikwisha kusema: asiye na shahada mpaka mwisho wa mwezi wa Sene, arudi dirishani kupokea mizigo. Alikuwa na stashahada. Masomo yote ya shahada alikwisha kuyafaulu, limebaki hili moja. Akianguka, kiti chake kitakaliwa na kijana mmoja kutoka Addis Ababa ambaye hajawahi kuinua robota la uzi maishani mwake.

Mwalimu aliwapangia viti mwenyewe, ili marafiki wasikae pamoja. Asnakech akawekwa karibu na Fikirte, mwanamke mwenye duka la nguo sokoni, na tangu jioni ya kwanza hakumpenda. Fikirte alisinzia wakati wa vipindi. Fikirte hakuwa na kikokotoo, aliazima. Fikirte aliuliza, "Hapo umepata ngapi, dada?" kabla hajashika kalamu. Miaka ya ghalani ilikuwa imemfundisha Asnakech jambo moja: mtu anayekuchekea sana wakati wa kupokea mzigo, hesabu mzigo wake upya. Basi kila zoezi alijifunika netela yake, ile shali nyeupe, juu ya mkono na karatasi, kama mama anayenyonyesha mbele za wageni.

"Usiwe na wasiwasi, mtoto wako simtazami," Fikirte alimwambia siku moja.

"Akiwa mzuri utamtazama tu."

Walipofika kwenye kupima dhana, Mwalimu Ermias alichora mahakama ubaoni. "Tunaanza kwa kusema mshtakiwa hana hatia. Data ndiyo imtie hatiani, si sura yake. Na kuna makosa mawili. La kwanza, kumfunga asiye na hatia. La pili, kumwachia mwizi aende zake. Ukibana moja, la pili linapanuka. Huwezi kuyakwepa yote. Chagua utakaloweza kulala nalo."

"Mimi ningewafunga wote, nikalala," Fikirte alinong'ona.

Asnakech akaivuta karatasi yake karibu zaidi.

Mtihani wa katikati ya muhula ukaja, ukapita. Wiki iliyofuata, Jumatano, Mwalimu Ermias aliwaita wawili hao ofisini baada ya kipindi. Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya kahawia iliyoandikwa Sheno, ambayo haijafunguliwa, na mbele yake karatasi mbili zilizolazwa bega kwa bega.

"Swali la nne," alisema. "Kielezo cha msimu. Bi Asnakech, uliandika mia na hamsini. Bi Fikirte, uliandika mia na hamsini. Jibu ni mia moja thelathini na nane na kidogo. Darasani wako wengine waliokosa swali hili, na kila mmoja amekosa kivyake. Mia na hamsini mnayo nyinyi wawili tu. Na mmekaa jirani."

Asnakech hakumtazama mwalimu, alimtazama Fikirte. Fikirte naye alikuwa anamtazama yeye, kwa jicho lilelile.

"Mimi sijanakili," Asnakech alisema.

"Mimi ningenakilije?" Fikirte akadakia. "Huyu dada hujifunika kama bibi arusi! Labda yeye ndiye aliyechungulia kwangu, mimi sifuniki kitu."

"Kwako nichungulie nini? Usingizi?"

Mwalimu aliinua mkono. "Sikuwaita mbishane. Sera iko wazi. Mmoja akikiri, yeye atapata sifuri na mwenzake atasalimika. Asipokiri mtu, sifuri mbili. Kila mmoja aje peke yake. Mwisho Ijumaa, kabla ya kipindi."

"Na mtu akija kumtaja mwenzake?" Asnakech aliuliza.

Mwalimu alimtazama muda mrefu. "Nitamsikiliza. Na nitajiuliza kwa nini ana haraka."

Asnakech alishuka kilima amekaza hatua. Sifuri ya mtihani ule maana yake hata akipata alama zote za mtihani wa mwisho, hafiki. Nyumbani aliwapa watoto injera na shiro, akawaambia wanyamaze, akakaa akijaribu kulikumbuka swali. Karatasi ya maswali haikutoka chumbani. Rafu zilikwenda na kapu la takataka. Alichokumbuka ni kwamba swali lile lilimfurahisha kwa sababu lilihusu mablanketi, na kwamba jibu lilitoka safi, bila vipande. Huyo mwanamke amenakili. Na kwa kuwa ni mwanamke wa sokoni, kesho asubuhi atakuwa wa kwanza kwenda kulia mbele ya mwalimu, aseme, mimi ni mjinga wa watu, huyu msomi ndiye aliyenichungulia. Na atasadikiwa.

Alhamisi Asnakech aliomba ruhusa kiwandani, akaenda sokoni kumwahi.

Duka la Fikirte lilikuwa na gabi nzito za pamba, zile shuka za kujitanda, zilizorundikwa hadi darini, miamvuli, na viatu vya mpira. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akimimina kahawa, na kando yake mwanamume mwenye miwani, mumewe, Tefera, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana.

"Ehee," Fikirte alisema bila kuinuka. "Umekuja kunywa au kugombana?"

"Kugombana."

"Basi kaa unywe kwanza. Ugomvi wa tumbo tupu hauna sauti."

Asnakech alisita. Kukataa kikombe cha kwanza cha mtu ni tusi, na alikuja na matusi ya kutosha. Akaketi, akapokea. Kahawa ilikuwa nzuri, jambo lililomkera.

"Ulikwenda kwa mwalimu asubuhi?" aliuliza.

"Wewe ulikwenda?"

"Nimekuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu. Hayo ndiyo majibu ya mtu asiyejua mwenzake ametoka wapi."

Tefera alikohoa. "Jamani, mtu mmoja aseme alivyofanya hilo swali. Aliyenakili ana jibu tu, njia hana."

Asnakech aliliona wazo lile kuwa la busara, na papo hapo akalishuku, maana limetoka kwa mume wa mtu. "Aanze mkeo," alisema. "Na asinitazame mdomo."

Fikirte alichukua kipande cha boksi la viatu na kalamu. "Haya. Kiwanda kimeuza mablanketi elfu kumi na tano na mia sita kwa mwaka mzima. Mwezi wa Meskerem peke yake, elfu moja na mia nane. Tafuta kielezo cha Meskerem. Nalikumbuka kwa sababu nilisema, hawa watu wanauza kama mimi, mwaka mpya na baridi vinaingia pamoja. Sasa, unatafuta kwanza wastani wa mwezi. Jumla, gawanya kwa miezi kumi na mitatu, elfu moja na mia mbili. Meskerem juu ya wastani, mara mia. Mia na hamsini." Alitupa kalamu. "Haya, mwanamke wa netela. Zamu yako."

Asnakech alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila hatua, na hatua ya mwisho ilipopita alijikuta bado anatikisa. Ndivyo alivyofanya. Hakuna alipoona pa kumkamata.

"Ndivyo nilivyofanya na mimi," alisema polepole.

"Hapo sasa. Unanakili hata maelezo!"

"Acha mzaha. Ikiwa wote tumefanya sawa, kosa liko wapi? Mia moja thelathini na nane inatoka wapi?"

Wakainamia boksi wote wawili. Fikirte alirudia kuzidisha. Asnakech alirudia kugawanya. Kahawa ya pili ilimiminwa, na kosa halikuonekana. Kwa kitambo wakawa hawashukiani wao, wanamshuku mwalimu.

"Amekosea yeye," Fikirte alisema. "Au anatutafuta."

Tefera alikuwa amevua miwani akiipangusa kwa ncha ya shati. "Kwa nini kumi na tatu?" aliuliza.

Wote wawili walimtazama kama ameuliza kwa nini mvua ina maji.

"Mwaka wetu una miezi mingapi, wewe mwalimu wa watoto?" mkewe alimjibu. "Kumi na miwili, halafu Pagume."

"Pagume ni siku tano za kufungia mwaka."

"Siku tano ndizo zinazonilisha! Watu wote wanataka nguo mpya za sikukuu. Pagume naipa mstari wake, na ni mstari mnono."

"Mimi mshahara wangu unakuja mara kumi na mbili," Tefera alisema. "Hizo siku tano nakula kwa imani. Mtu wa mshahara ukimwambia wastani wa mwezi, hagawanyi kwa kumi na tatu hata umwamshe usingizini." Akachukua kalamu. "Kumi na mbili. Elfu moja na mia tatu. Haya, Meskerem juu ya hapo." Akaandika, akazungushia duara. Mia moja thelathini na nane na kidogo.

Mteja aliingia akauliza mwamvuli, akaambiwa asubiri.

Asnakech aliliwazia ghala lake. Mshahara wake ulikuja mara kumi na mbili, lakini ubao wa ghalani, ule unaoonyesha mablanketi yaliyotoka, ulikuwa na mistari kumi na mitatu, na mstari wa Pagume aliujaza kwa mkono wake kila mwaka. Mkono ulikwenda kule ulikozoea. Na namba zile, kwa ubaya wake, ziligawanyika safi pande zote mbili, hata chembe ya kumshtua mtu haikuwepo.

Kisha shaka ikamrudia. Je, kama mwanamke huyu alinakili jibu mtihanini, halafu yeye na mumewe wakakaa jana jioni wakatafuta njia ya kulifikia? Mume ni mwalimu. Inawezekana.

"Unanitazama tena hivyo," Fikirte alisema.

"Nafikiri."

"Unafikiri tumepanga mimi na Tefera. Na mimi nafikiri ulipokuwa unatikisa kichwa ulikuwa unadaka maneno yangu. Sasa tufanyeje, tuape kwa Mariamu?"

"Mwalimu hataki kiapo. Anataka data." Asnakech aliweka kikombe chini. "Darasa letu limejaa watu wa mshahara. Benki, manispaa, walimu. Wewe ndiye mwenye duka peke yako, na mimi ndiye mwenye ghala peke yangu. Lakini Sheno?"

Fikirte alikodoa macho. "Sheno kila mtu anauza siagi."

"Mtihani uleule. Saa ileile. Alisema mwenyewe. Na bahasha yao niliyoiona mezani haijafunguliwa."

"Na kama Sheno hakuna mwenye mia na hamsini?"

Asnakech alikunywa kikombe cha tatu hadi kwenye machicha.

Ijumaa walipanda kilima pamoja, bila kuongea. Mwalimu Ermias alipowaona wamesimama mlangoni wawili, uso wake ulijifunga.

"Nilisema kila mmoja peke yake. Mmekuja na maneno mliyopanga."

"Tumekuja na swali la nne, Mwalimu," Asnakech alisema. Akamweleza, kwa kifupi, kumi na mbili na kumi na tatu, ghala na duka. Mwalimu alisikiliza bila kupepesa.

"Mmekuwa na siku mbili za kutunga hili," alisema. "Maelezo yanayokuja baada ya mashtaka hayana uzito. Hata mimi ningeyatunga."

"Ndiyo maana hatukuombi uamini. Fungua bahasha ya Sheno."

"Kwa nini?"

"Wale hawakukaa na sisi. Kama mia na hamsini ni kokoto moja iliyookotwa na wezi wawili, kule haipo. Kama ni shimo lililo njiani, na wao watakuwa wametumbukia."

"Na nisipoikuta?"

"Niandikie sifuri. Mimi peke yangu. Mwache huyu."

Fikirte alimvuta kiwiko. "Dada, una wazimu? Wauza siagi wenyewe mimi siwajui!"

"Nyamaza."

Mwalimu Ermias alichana bahasha. Karatasi zilitoka zikiwa zimejikunja pembe. Alichukua ya kwanza, akashusha kidole hadi swali la nne. Mia thelathini na nane. Ya pili, thelathini na nane. Ya tatu ilikuwa tupu. Ya nne, thelathini na nane. Asnakech alisimama wima, mikono ndani ya netela, na mikono ile ilikuwa imeshikana kwa nguvu. Kiti kile cha ghalani alikuwa amekipata kwa kuamini vitu vinavyohesabika, na sasa alikuwa amekiweka juu ya watu asiowajua. Ya tano, namba ya ajabu isiyo na kichwa. Ya sita, thelathini na nane.

Kwenye ya saba kidole kilisimama.

Mwalimu aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Akaiweka kando. Akaendelea, sasa haraka. Akaweka nyingine kando, na nyingine. Alipomaliza, rundo dogo lilikuwa limejitenga upande wake wa kushoto.

"Mna jamaa Sheno?" aliuliza.

"Mwalimu!" Fikirte alipaza sauti. "Simu ulikuwa nazo wewe kwenye kikapu!"

Mwalimu aliziangalia tena zile za kushoto, akisoma majina na namba za viti. Walikaa mbali mbali. Ramani ya viti vya Sheno nayo alikuwa ameichora mwenyewe. Akavuta kitabu kinene kutoka rafu, akafungua mahali palipokuwa na alama.

"Kitabu kinasema Januari," alisema, kama anaongea na kitabu. "Kiwanda cha makoti. Nilibadilisha Januari nikaandika Meskerem, makoti nikaandika mablanketi. Nilidhani inatosha." Akakifunga. "Hesabu yangu ya bahati ilidhani kila mtu anakosea peke yake. Kumbe kuna kosa watu wanakua nalo."

Alichukua kalamu nyekundu, akakata sifuri aliyokwisha kuiweka tayari kwenye karatasi ya Fikirte, kisha ya Asnakech. Asnakech aliufuata mkono wake hadi mwisho wa mstari.

"Lakini swali mmelikosa," mwalimu aliongeza. "Siku tano si mwezi, hata ziwe nono namna gani. Ukizipa mwezi mzima, wastani wako unadanganya. Alama za swali la nne hampati."

"Hatujaziomba," Asnakech alisema.

"Na mlikuja wawili wakati nilisema mmoja mmoja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tokeni. Kipindi kinaanza."

Koridoni Fikirte aliegemea ukuta akavuta pumzi kama aliyebeba gunia. "Sema kweli, dada. Jumatano ile, ulitaka kuja kunitaja?"

"Nilitaka."

"Na mimi! Nilikuwa nimeshavaa viatu. Tefera ndiye aliyenizuia, akasema mwalimu atajiuliza kwa nini nina haraka." Akacheka hadi akajifuta macho. "Lakini leo ulijitolea kwa ajili yangu."

"Sikujitolea kwa ajili yako. Ukitaka mtu afungue bahasha, lazima uweke kitu mezani. Na kama ningekosea, sifuri moja ni nafuu kuliko mbili."

"Haya, mama wa ghala. Bado unaniona mwizi?"

Asnakech alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa ndivyo alivyo. "Ushahidi hautoshi," alisema.

Kwenye mtihani wa mwisho, juu kabisa ya ukurasa palikuwa na mstari mpya: katika maswali haya mwaka una miezi kumi na miwili. Mwalimu Ermias alikuwa amewapeleka kona mbili za chumba, Fikirte dirishani, Asnakech mlangoni penye upepo. Asnakech alifaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini kabla ya mwisho wa Sene karatasi yake ilikuwa mezani kwa wakubwa, na kijana wa Addis Ababa alitafutiwa kazi nyingine.

Siku ile ya mtihani, kabla karatasi hazijagawiwa, alijifunika netela juu ya mkono kama kawaida. Kutoka dirishani, chumba kizima kikisikia, Fikirte alimwita.

"Funika vizuri, dada! Upepo wa mlangoni unanakili!"

Mwalimu Ermias aliinua macho, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na akasogea akasimama katikati yao.